Roboti Iliyosema Sana

Roboti iliyozidiwa haifi. Ingekufa tungejua la kufanya: tungepima betri, tungekaza nyaya, tungemtafuta fundi. Iliyozidiwa huchelewa tu. Huiona kona ikiwa imekwisha kuipita. Husimama baada ya kuligonga sanduku ambalo ilipaswa kusimama kabla yake. Ukiitazama kutoka pembeni ya uwanja unaona mlevi, na kwa mlevi hakuna anayeuliza alikuwa anawaza nini. Watu huuliza amekunywa wapi.

Huku kwetu Mwanza jibu la swali hilo huwa ni betri. Betri imechoka, betri ya bei poa, betri haikulala kwenye chaji. Ikishindikana betri, basi ni bodi: kompyuta yenyewe ni ndogo, tununue kubwa. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike historia ya kosa hili. Nalo lina historia, ndefu kuliko umri wa kila aliyewahi kulilaani mbele yangu.

Kwanza kinachotokea ndani. Prosesa ya roboti ndogo ni mfanyakazi mmoja anayezunguka: anasoma vihisi, anapiga hesabu, anaziambia mota zifanye nini, anarudi mwanzo. Mzunguko huo una muda wake. Wanafunzi wa sekondari nchini Marekani wanaoshindana kwenye FIRST, mashindano yaliyoanza mwaka 1992, huandika programu ambayo kwa kawaida huzunguka kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Mzunguko ukichelewa, skrini yao huandika onyo kwamba muda umepitilizwa. Msimu wa 2015 walianza kutumia kompyuta ya roboti yenye prosesa ya megahezi 667, tena yenye viini viwili. Bodi ya Arduino Uno, ambayo ndiyo wengi wetu huanzia, ina megahezi 16. Lakini onyo lile la Marekani na mlevi wetu wa Mwanza ni tatizo moja, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tutilie shaka hoja ya bodi ndogo.

Mwaka jana, kila Jumamosi, nilikuwa nakaa na wanafunzi sita katika chumba cha nyuma ya duka huko Nyegezi. Mimi si mwalimu kwa kazi, ila huku anayeshika chuma cha kuchomelea nyaya huitwa fundi na anayeeleza huitwa mwalimu, kwa hiyo waliniita mwalimu. Walikuwa wanaandaa roboti ya kufuata mstari: gari dogo lenye mota mbili, vihisi vitatu vya mwanga chini ya tumbo, na kihisi kimoja cha mawimbi ya sauti usoni cha kupima umbali. Mstari ni utepe mweusi wa mafundi umeme, upana wake kama sentimita 2, umebandikwa kwenye ubao mweupe. Roboti iufuate, na ikikuta sanduku mbele isimame.

Haikuufuata. Ilikwenda vizuri mahali palipo nyooka, ikifika kwenye kona inakatiza utepe kama vile haupo na kwenda zake hadi chini ya meza.

Programu iliandikwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye alikuwa amejifunza peke yake kwa simu ya mama yake mdogo. Wiki ya pili ya tatizo nilianza kusikia wenzake wakisema mambo wanayoyasema watu waliochoka. Kwamba programu yake ni ndefu mno. Kwamba kuna kijana wa mtaa wa pili anayejua zaidi. Wavulana wawili walikuwa wamekwisha kuulizia bei ya bodi kubwa kutoka Dar es Salaam, na bei hiyo ilikuwa karibu sawa na fedha yote ambayo wazazi walichanga kwa ajili ya nauli na chakula cha siku ya mashindano. Pendekezo lilikuwa wanunue bodi, wamkabidhi kijana yule, na binti abaki kwenye kundi "kusaidia mapambo". Walilisema hilo kwa upole kabisa.

Kulikuwa na dalili moja ambayo wote waliiona na hakuna aliyeithamini. Betri ikianza kuchoka, roboti ilifuata mstari vizuri. Wakiichaji ikajaa, ililewa. Aliyeamini betri mbovu ndiyo tatizo alipaswa kushtuka hapo, lakini tayari tulikuwa na msemo wa kufunika: betri inayumba.

Mmoja wa wale wavulana aliniuliza, "Mwalimu, si ukweli tu kwamba hii kompyuta ni ndogo?" Nikamjibu kwa kisa ambacho sasa nakiandika kwa urefu kuliko nilivyowasimulia siku ile, kwa sababu siku ile umeme ulikuwa umekatika na tulikuwa tumekaa tu.

Tarehe 20 Julai 1969, saa 5 na dakika 10 za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha Apollo 11 kilikuwa kinashuka kuelekea mwezini, kikiwa bado mita 10,000 hivi juu ya ardhi yake. Ndani walikuwa Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Kompyuta iliyokuwa inaongoza injini ilikuwa na kumbukumbu ya kuandikia na kufuta ya maneno 2,048, kila neno biti 15 za kazi na moja ya kukagua. Ukibadilisha kwa vipimo vya leo ni kama kilobaiti 4. Arduino Uno ina kilobaiti 2. Tuko jirani kabisa. Katikati ya kushuka, kompyuta ile ikawasha taa ya hatari na kuonyesha namba 1202. Armstrong akauliza chini duniani maana ya namba hiyo, na sauti yake kwenye kumbukumbu za sauti si ya mtu anayetania.

Maana yake ilikuwa: nimezidiwa. Kila kazi iliyoanzishwa ndani ya kompyuta ile ilipewa kiti chake, sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kuwekea hesabu zake. Viti vilikuwa vinane. Kazi mpya ilipofika na kukuta viti vyote vimekaliwa, mfumo ulipiga kengele ya 1202. Kulikuwa na kengele ndugu yake, 1201, ya viti vya aina nyingine. Usiku ule zililia mara tano kabla ya kutua.

Kwa nini viti vilijaa? Hapa ndipo historia inaponoga. Chombo kilikuwa na rada ya pili, ya kutafutia chombo mama kilichobaki kwenye mzingo, nayo iliachwa imewashwa ili iwe tayari kama wangelazimika kukimbia. Umeme wa rada hiyo na umeme wa kompyuta ulitoka kwenye vyanzo viwili vya hezi 800 vilivyokuwa na mapigo sawa lakini havikupiga kwa pamoja, kama wapiga ngoma wawili wa mwendo mmoja walioanza kwa kupishana. Matokeo yake vihesabio vya kompyuta vilikuwa vinaambiwa kwamba antena inazunguka, wakati imetulia. Mapigo hayo ya uongo yaliweza kufika 12,800 kwa sekunde, na kila pigo liliiba mzunguko mmoja wa kumbukumbu. Kompyuta yote ilikuwa na mizunguko 85,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo sehemu kati ya 13 na 15 katika kila 100 za muda wake ziliishia kuhesabu kitu ambacho hakikuwepo.

Hata hivyo hazikutosha kuiangusha. Wahandisi walikuwa wameacha nafasi inayokaribia kiasi hicho. Kilichoisukuma mwishoni kilikuwa kidogo zaidi. Aldrin aliitaka kompyuta imwonyeshe takwimu fulani za kushuka, na izibadilishe kwenye kioo kila baada ya muda mfupi. Kazi hiyo ya kuonyesha ilihitaji kama asilimia 3 tu. Alipoiomba, kengele. Alipoacha, kimya. Yeye mwenyewe aliligundua hilo pale pale na kuwaambia walio chini kwamba kengele inaonekana kuja wakati ombi lile liko kwenye kioo.

Niliposimulia mpaka hapo binti wa Ukerewe aliinua kichwa. Hakusema kitu.

Kilichookoa safari si ukubwa wa kompyuta. Mhandisi wa MIT, Hal Laning, alikuwa amebuni utaratibu wa kuzipa kazi vipaumbele, na timu ya programu iliyoongozwa na Margaret Hamilton ilikuwa imejenga namna ya kuanza upya bila kupoteza safari. Kengele ilipolia, kompyuta ilizitupa kazi zote, kisha ikazianzisha tena zile tu zilizokuwa zimeandikiwa mahali pa kuanzia: kuongoza injini, kujua chombo kiko wapi. Ombi la Aldrin la takwimu halikuwa katika orodha hiyo, kwa hiyo lilipotea na foleni ikapungua. Injini haikuyumba.

Na huko Houston, uamuzi wa kuendelea ulitoka kwa vijana. Steve Bales alikuwa na miaka 26. Aliyemnong'oneza jibu kutoka chumba cha nyuma, Jack Garman, alikuwa na 24. Walijua la kusema kwa sababu mwanzoni mwa mwezi ule ule, katika zoezi la mwisho la kuigiza safari, walimu wao waliwatumia kengele ya 1201, Bales akaamuru safari ikatishwe, na ikaonekana hakukuwa na haja. Mkuu wao, Gene Kranz, akaagiza kila kengele ichunguzwe. Garman akaandika orodha kwa mkono na kuilaza chini ya kioo cha meza yake. Watu wengi wakisimulia Apollo 11 husifu kompyuta au Armstrong. Mimi naona karatasi ile iliyoandikwa kwa mkono ndiyo sehemu ambayo kundi la wanafunzi wa Nyegezi lingeweza kuiga siku hiyo hiyo, bila kuomba mchango.

Umeme uliporudi tuliipima roboti yetu. Kupima mzunguko ni kazi rahisi: unasoma saa ya ndani ya bodi mwanzoni, unaisoma tena mwishoni, unatoa. Tatizo ni jinsi ya kuliona jibu. Kawaida ya kila anayeanza ni kuiagiza roboti iliandike jibu kwenye skrini ya kompyuta kupitia waya. Nikawaomba tusifanye hivyo. Tukatumia taa ndogo iliyopo kwenye bodi: mzunguko ukipita milisekunde 20, taa iwake. Ikawaka na kubaki inawaka, mfululizo, kama taa ya mnara.

Kisha tukaanza kuzima kazi moja baada ya nyingine. Kuzima hesabu za mota, taa inawaka. Kuzima vihisi vya mwanga, inawaka. Binti akafikia mstari ambao roboti hujieleza, akauzima, taa ikazimika.

Mstari wenyewe ulikuwa wa aina hii: "Kushoto: 512 Katikati: 498 Kulia: 530 Umbali: 27 Kasi: 140". Herufi 58, na mbili za kumalizia mstari, jumla 60. Alikuwa ameuweka ili aone roboti inawaza nini, jambo la busara kabisa kwa mtu anayejifunza peke yake. Mawasiliano yake yalikuwa kwa kasi ya 9,600, ile ambayo karibu kila mfano wa kujifunzia hutumia. Kila herufi husafiri kwa biti 10, kwa hiyo waya hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Herufi 60 zinachukua milisekunde 62 na nusu. Bodi ina foleni ndogo ya herufi 64 ambapo maneno husubiri zamu ya kutoka. Mstari wa kwanza huingia humo bila shida, lakini wa pili ukifika kabla wa kwanza haujatoka, prosesa husimama mlangoni na kungoja. Inangoja kila mzunguko. Na Arduino Uno haijali kama kuna mtu upande wa pili: ukichomoa waya na kuiweka roboti uwanjani, inaendelea kuongea vile vile, kwa kasi ile ile, na hakuna anayesikiliza.

Sasa ile dalili ya betri ikawa wazi, na aliyeifafanua alikuwa ni yeye, kwa chaki sakafuni. Betri ikijaa, roboti inakwenda kama nusu mita kwa sekunde. Katika milisekunde 62 inasogea sentimita 3. Utepe una upana wa sentimita 2. Roboti ilikuwa inauruka utepe wote ikiwa katikati ya sentensi. Betri ikichoka mwendo unapungua, sentimita 3 zinakuwa moja na nusu, na utepe unaonekana tena.

Alikuwa na njia mbili za kurekebisha na akazitumia zote. Aliongeza kasi ya mawasiliano kufikia 115,200, ambapo herufi 60 hutoka kwa milisekunde 5 na kidogo. Na akaifanya roboti ijieleze mara mbili tu kwa sekunde badala ya kila mzunguko. Hakuna shilingi iliyotumika. Wale wavulana wawili waliomba radhi kwa njia ya wavulana: walimletea soda.

Kuna jambo katika hadithi hii ambalo hunisumbua zaidi kuliko hesabu zake. Kosa hili liliandikwa, likachambuliwa, likachapishwa, na lina miaka zaidi ya 50. Kwa nini linatufikia kama jipya kila mara?

Sehemu ya jibu iko Dar es Salaam. Tanzania haikuchelewa sana kupata kompyuta: mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza, aina ya ICT 1500. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalum. Hoja zilikuwa uhaba wa fedha za kigeni na mifumo iliyogharimu kuliko ilivyosaidia, na sidhani ni haki kuwacheka waliokata uamuzi huo. Nchi ilikuwa na njaa ya mambo mengi. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Ila tuangalie ni kitu gani kilipotea. Miaka ileile ambayo vijana wa kwingineko walikuwa wanaharibu programu usiku na kusimuliana makosa yao asubuhi, hapa hakukuwa na mashine ya kukosea. Ujuzi wa aina hii husafiri kwa mdomo, kutoka kwa mtu aliyeungua kwenda kwa anayekaribia kuungua. Mafundi simu wa katikati ya jiji letu wanao wa kwao, wa kizazi hadi kizazi ingawa kizazi chao ni cha miaka mitano. Wa programu za mashine zinazotembea bado ni mchanga.

Kosa lenyewe nalo limekuwa likibadilika sura. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Pathfinder kilitua Mars, na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha, kikipoteza kazi ya siku. Prosesa yake ilikuwa na nafasi ya kutosha. Tatizo lilikuwa nani anamngoja nani. Fikiria ofisi ambayo mkurugenzi anataka muhuri, na muhuri ameushika mhudumu, kijana wa cheo cha chini kabisa. Mhudumu angeurudisha baada ya dakika moja, ila kila akinyanyuka, ofisa wa cheo cha kati humtuma: leta chai, peleka faili. Maofisa hawajui kwamba kumzuia mhudumu ni kumzuia mkurugenzi. Ndani ya Pathfinder mhudumu alikuwa kazi ya kukusanya takwimu za hali ya hewa, maofisa walikuwa kazi za mawasiliano, na mkurugenzi alikuwa kazi ya kusimamia njia kuu ya taarifa. Mlinzi wa mfumo alipoona mkurugenzi hajamaliza kazi kwa wakati, aliamua ofisi nzima imevurugika, akazima kila kitu.

Wahandisi wa JPL waliliona kosa kwenye nakala ya chombo iliyokuwa maabara, kisha wakatuma marekebisho angani: yeyote mwenye muhuri apewe, kwa muda huo tu, cheo cha anayeungoja. Waliweza kuliona kwa sababu vipande vya programu vya kunakili kila tukio viliachwa ndani ya chombo badala ya kuondolewa kabla ya safari. Kwa hiyo sisemi roboti zinyamaze. Pathfinder ilipona kwa kuwa ilijieleza. Tofauti ni kwamba maelezo yake yalipangiwa nafasi tangu mwanzo.

Mashine zenye kazi nyingi za vipaumbele tofauti hazikubaki Mars. Mwaka 2008 mwanafunzi wa ETH Zürich, Lorenz Meier, alianza kutengeneza ndege ndogo isiyo na rubani inayojiongoza kwa kamera. Mwaka 2009 yeye na wenzake walishinda mashindano ya Ulaya ya ndege ndogo, kipengele cha kuruka ndani ya jengo bila kuongozwa. Kutokana na kazi hiyo ya mashindano ilizaliwa programu ya PX4, ambayo leo huendesha droni katika nchi nyingi, na ambayo hukagua mzigo wa prosesa kabla ya kuruhusu ndege kuruka.

Na droni zilifika ziwani kwetu. Mwaka 2018 DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe kwa droni: kilomita 60 kutoka bara hadi kisiwani, kwa wastani wa dakika 40. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo Mwanza ilikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, mkutano na maonyesho ya droni, na ndege zilirushwa kuelekea Kisiwa cha Juma. Roboti ya Nyegezi ikizidiwa huishia chini ya meza. Ya huko juu ikizidiwa, chini yake ni maji.

Wiki chache kabla ya maonyesho hayo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101 na walikufa zaidi ya 220. Wazee walikuwa bado na MV Bukoba ya Mei 1996 moyoni. Silinganishi maiti na herufi. Nataka tu kusema kwamba katika ukanda huu neno "kuzidiwa" lina uzito ambao vitabu vya programu havina, na wanafunzi walilisikia hivyo nilipolitumia. Kundi likakaa kimya kidogo. Kisha binti akasema babu yake ni mvuvi, na kwamba kwenye mtumbwi hilo huamuliwa kabla ya kuondoka.

"Linaamuliwaje?" nikamuuliza.

"Upepo ukija, kinatupwa kwanza barafu. Halafu samaki. Halafu nyavu, lakini hapo babu analia. Kopo la kukumbia maji halitupwi, hata kama limetoboka."

Tulihitaji ushauri huo, kwa sababu kosa la pili lilikuwa limebaki. Taa iliwaka tena, mara moja moja, hasa roboti ilipokuwa mahali peupe pasipo na ukuta. Hicho kilikuwa kihisi cha umbali. Kinatoa mlio na kusubiri mwangwi; mwangwi usiporudi, hukata tamaa baada ya milisekunde 38 hivi, na prosesa humsubiri muda wote huo. Milisekunde 38 ni muda wa mlio kwenda na kurudi zaidi ya mita 6, wakati sanduku tunalolitafuta haliko mbali kuliko mita moja. Binti akaweka kikomo cha milisekunde 6, na akaagiza kihisi kiulizwe kila mzunguko wa tano.

Kisha wakaandika orodha, kwa kalamu, kwenye jalada la nyuma la daftari la hesabu. Ni orodha ya vitakavyoachwa mzunguko ukichelewa. Cha kwanza kuachwa: kujieleza kwenye waya. Cha pili: kengele ndogo inayolia roboti ikianza safari. Cha tatu: kupima umbali, lakini si mara mbili mfululizo. Chini ya mstari mzito waliandika vihisi vya mwanga na mota, na pembeni yake neno moja, "kopo". Walibishana sana juu ya kengele. Mmoja alidai waamuzi hawataamini roboti imewaka wasipoisikia, na kwamba inafaa ihamie chini ya mstari mzito. Binti alikataa. Nilipoondoka saa 12 jioni, ili niwahi daladala, walikuwa bado wanapiga kura, na kura zilikuwa tatu kwa tatu.